Butiki ya Futi Kumi: Kupanga na Kupamba Duka Dogo Arusha

Mada ya leo ni kupanga na kupamba butiki ndogo: duka la nguo, viatu, mikoba au shanga linaloingia katika fremu moja ya futi kumi kwa kumi na mbili, lenye mlango mmoja, kioo kimoja mbele na ukuta wa jirani kila upande. Fremu za namna hiyo ziko Sanawari, Kijenge, Njiro na Sakina, na nje ya jiji ziko Usa River, Tengeru na Ngaramtoni. Kodi yake mara nyingi hulipwa kwa mkupuo, miezi sita au mwaka mzima, kwa hiyo sehemu kubwa ya mtaji huwa imeshaingia mfukoni mwa mwenye nyumba kabla gauni la kwanza halijauzwa. Mapambo ya duka yanabaki kufanywa kwa pesa kidogo, na pengine ni afadhali iwe hivyo, maana pesa nyingi ndizo huleta dari za jipsamu zenye taa za rangi saba.

Swali la kwanza ni hili: duka lijazwe, au lisijazwe?

Jibu la mazoea ni kujaza. Mfanyabiashara amekulia sokoni, na sokoni wingi ndio heshima. Pale Kilombero, au Tengeru siku ya gulio, mwenye rundo kubwa ndiye anayeonekana kuwa na mzigo mpya. Duka lenye nafasi tupu watu husema limeyumba, au mwenyewe anajiandaa kuhama. Mazoea hayo yana maana yake pale yalipozaliwa. Mnunuzi wa mtumba anataka kuchambua, anainama, anavuta, anatupa, na bahati yake ndiyo raha yake. Anayeingia butiki ni mtu mwingine, au ni yule yule siku nyingine, lakini amekuja ili achambuliwe. Bei ya butiki iko juu kwa sababu kazi ya kuchagua imeshafanywa na mwenye duka. Nguo zikibanwa kwenye stendi mpaka henga hazisogei, mteja anarudishiwa kazi ile ile huku bei ikibaki pale pale juu. Hapo ndipo husema, "Ngoja nizunguke kwanza," na hazunguki kurudi.

Mfano mzuri wa jambo hili uko Arusha kwenyewe, barabara ya kwenda Dodoma, katika kituo cha Cultural Heritage. Ndani ya uwanja mmoja kuna duka la vinyago na kuna jumba la sanaa, lile jengo kubwa lililobuniwa kwa umbo la ngoma, ngao na mkuki. Dukani vinyago vimepangwa kwa wingi, bega kwa bega. Katika jumba la sanaa mgeni hupanda taratibu njia ya mzunguko, na kazi moja moja inamsubiri ukutani au juu ya kiweko, ikiwa na taa yake na nafasi yake. Kinyago kile kile kikihamishwa kutoka chumba cha kwanza kwenda cha pili, macho hukipa thamani nyingine. Hakijabadilika kitu isipokuwa hewa inayokizunguka. Mwenye butiki ya futi kumi hana jumba la sanaa, lakini hewa anaweza kuitoa: theluthi moja ya mzigo ikae stoo, au ndani ya masanduku chini ya benchi, na iliyobaki ionekane.

Kwa hiyo, msikilizaji, la kwanza ni kupunguza. Mengine yote yanayofuata yanategemea hilo.

Baada ya kupunguza kinakuja kioo cha mbele. Kupamba kioo cha duka kumekuwa fani inayojitegemea kwa zaidi ya miaka mia moja. Mjini Chicago, mwaka 1897, mwandishi L. Frank Baum alianzisha jarida la fani hiyo lililoitwa The Show Window. Mwaka 1900 alitoa kitabu kizima kuhusu kupamba madirisha ya maduka, mwaka ule ule kilipotoka kitabu chake cha watoto kilichomletea jina, The Wonderful Wizard of Oz. Mtu aliyejua kusimulia hadithi ndiye aliyeona kwamba dirisha la duka nalo linaweza kusimulia.

Sasa, mpita njia wa Barabara ya Sokoine ana muda gani wa kusikiliza hadithi hiyo? Abiria wa daladala ana sekunde mbili tatu. Anayetembea kwa miguu ana hatua nne au tano, na macho yake nusu yako kwenye bodaboda. Kwa hiyo kioo kinachosema mambo kumi hakisemi hata moja. Kinachofanya kazi ni kitu kimoja kikubwa, au rangi moja iliyorudiwa. Mfano rahisi: magauni matatu ya kijani, moja refu, moja fupi, moja la mtoto, na mkoba wa ukili miguuni. Basi. Wiki inayofuata kijani kinaondoka, inaingia rangi ya haradali. Mwezi Oktoba na Novemba, mijakaranda ya mjini inapochanua, kioo cha zambarau hakihitaji maelezo kwa mkazi yeyote wa Arusha.

Kioo kina adui, naye ni jua. Hapa jiografia ya mlima inasaidia kupanga. Mlima Meru uko kaskazini mwa jiji. Duka linaloutazama mlima hupata jua la mchana katikati ya mwaka, na duka lililoupa mgongo hulipata kuanzia Oktoba hadi mwanzoni mwa Machi. Yote mawili yana nafuu, kwa sababu jua la mchana huwa juu sana na kibaraza kidogo tu hulizuia. Tabu iko kwa duka linalotazama magharibi. Jua la saa kumi huingia chini ya kibaraza na kupiga nguo moja kwa moja, na hata msimu wa baridi, asubuhi ikiwa na mawingu mazito, mara nyingi alasiri hufunguka. Batiki, kitambaa cheusi na ngozi iliyotiwa rangi hupauka haraka. Hupauka upande mmoja, na mteja huliona hilo anapoligeuza gauni. Dawa yake si kufunika kioo kwa gazeti. Katika duka la magharibi, nguo za kioo zibadilishwe kila wiki, na vitu visivyopauka, kama vikapu vya asili, vyungu na shaba, ndivyo vikae mbele muda mrefu. Pazia jepesi la kitambaa cheupe linaloshushwa saa tisa na kupandishwa saa kumi na mbili hugharimu kidogo kuliko gauni moja lililopauka.

Midoli ya kuvalishia nguo nayo ina mambo yake. Mjini imejaa midoli yenye nyonga pana kupita kiasi, mingine imening'inizwa mlangoni bila kichwa, mingine imepoteza mkono na hakuna aliyeutafuta. Mdoli wa nyonga pana hulivuta gauni nyuma, mbele likapanda, na mnunuzi akashindwa kujua gauni lenyewe lina urefu gani. Mdoli mmoja mzima, wenye umbo la kawaida, aliyepigwa pasi nguo yake na kubanwa vizuri kwa pini mgongoni, anauza kuliko mitano iliyochoka. Asiye na pesa ya mdoli ana njia nyingine: fundi seremala anaweza kutengeneza msalaba wa mbao wenye mabega, ukafungwa sponji na kuvishwa kitambaa. Au tawi kavu lililonyooka, lililosuguliwa kwa msasa, likaning'inizwa kwa kamba mbili kutoka darini. Nguo iliyotundikwa kwenye tawi huonekana kwa urefu wake wote, na upepo wa mlangoni huitikisa kidogo, na jicho la binadamu hufuata kinachotikisika.

Tawi hilo linaleta suala la vifaa vya mapambo. Maduka mengi yanayolenga watalii Arusha hupamba kwa shuka nyekundu ya Kimasai. Shuka ni nzuri, hakuna anayebisha. Lakini katika Soko la Wamasai, pale Fire Road, vibanda vimepangana mlango kwa mlango, bidhaa zinafanana, na shuka nyekundu iko kila kibanda. Kibanda cha ishirini hakimwambii mgeni kitu ambacho cha kwanza hakijamwambia. Ndiyo maana wenye vibanda hubaki kutegemea sauti: "Karibu dada, kuangalia bure!" Duka lililopangwa kwa namna yake halina haja ya kumwita mtu kwa sauti kubwa kiasi hicho.

Miteremko ya Meru imejaa vifaa ambavyo havijachoshwa. Magunia ya kahawa, yenye maandishi ya rangi iliyofifia, yakifuliwa na kunyooshwa huwa kitambaa kizuri cha kufunika ubao wa nyuma ya kioo, na rangi yake ya udongo huzipa nguo za rangi kali nafasi ya kuonekana. Mibuni mizee inapong'olewa shambani huacha vigogo vilivyopindapinda, vigumu, vinavyofaa kutundikia mikufu na hereni. Magome makavu ya mgomba, yale yanayofungia mizigo kila siku kule Tengeru, yanaweza kusukwa kuwa fremu ya kioo cha kujitazamia. Vibuyu vya maziwa, matenga ya nyanya yaliyogeuzwa juu chini kuwa viweko vya viatu, mirunda miwili na ubao mmoja vikawa shelfu. Vyote hivi vina sharti moja kubwa: viwe vikavu na visafi. Gogo lenye bungua litakula shelfu, na gunia ambalo halijafuliwa litaipa kila blauzi harufu ya ghala.

Mabaki nayo ni mali. Karakana ya Shanga, jijini Arusha, huyeyusha chupa zilizotupwa na kuzigeuza shanga na vyombo vya kioo, na mafundi wake wengi ni watu wenye ulemavu. Mwenye butiki hahitaji tanuri, lakini wazo lile lile linamfaa. Mabaki ya vitenge, ambayo kila fundi cherehani huyafagia jioni, yakikatwa vipande virefu na kufungwa kwenye kamba moja huwa pazia la chumba cha kujaribia. Yakizungushwa kwenye henga za waya, henga huwa nene na blauzi ya hariri haitelezi. Kipande kidogo kikifungwa kwenye mfuko wa karatasi ya kaki, mfuko huo tayari una sura ya duka. Tangu Juni 1, 2019, mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku nchini, kila duka limelazimika kutafuta mfuko mwingine. Mfuko wa kaki uliopigwa muhuri wa jina la duka hutembea mjini mchana kutwa ukilitangaza bure.

Sasa ndani, msikilizaji. Fremu ndogo ni sawa na chumba cha kupanga: kila kinachowekwa sakafuni kinamnyima mtu mahali pa kusimama. Kwa hiyo sakafu iachwe, kuta zitumike. Nguo bora kabisa ikae usawa wa macho, futi tano kutoka chini, kwenye ukuta wa mwisho unaotazamana na mlango, kwa sababu huko ndiko jicho linakotua mtu anapoingia. Ukuta huo unaweza kupakwa rangi nzito, kama bluu iliyokolea au nyekundu ya tofali, na kuta za pembeni zikabaki nyeupe ya maziwa. Rangi nzito mwishoni hukipa chumba kina. Kuta zote nne zikipakwa rangi nzito, chumba husinyaa.

Nguo zipangwe kwa rangi au kwa aina? Wenye maduka hubishana sana hapa. Kupanga kwa rangi hupendeza machoni na hupendeza zaidi kwenye picha. Kupanga kwa aina, yaani suruali kwao, magauni kwao, humsaidia mteja mwenye haraka. Kwa duka dogo lenye nguo chache, rangi inashinda, mradi saizi iandikwe wazi kwenye henga. Mteja anayelazimika kuuliza "Hii ipo ya kwangu?" mbele ya watu watatu anaweza kuamua kutouliza.

Kioo cha kujitazamia kiwe kirefu, kisimame ukuta wa pembeni karibu na mlango, kikirudisha ndani mwanga wa nje. Hapo kinafanya kazi mbili kwa bei moja, na umeme ukikatika kinafanya ya tatu. Chumba cha kujaribia kinahitaji pazia linalofika chini, ndoano mbili na mahali pa kukanyaga pasipo baridi. Ndoano mbili, si moja: ya kwanza kwa nguo aliyokuja nayo, ya pili kwa anayoijaribu. Duka lenye ndoano moja humwona mteja akitupa blauzi mpya begani huku akitafuta pa kuweka mkoba.

Taa ni sehemu ambayo pesa kidogo huleta tofauti kubwa. Taa nyeupe kali, zile zinazoelekea kwenye bluu, hufanya ngozi ya mtu ionekane ya kijivu na nguo ya krimu ionekane chafu. Mteja akijitazama chini ya taa hiyo hulaumu gauni. Taa ya njano iliyopoa, au nyeupe isiyo kali, hupendeza zaidi. Mbili tatu za spoti zielekezwe kwenye nguo na ukutani, si kwenye paji la uso la mteja. Kwa kuwa umeme hukatika, taa moja ya kuchaji ielekezwe kwenye ukuta ule wa mwisho. Duka la jirani likizama gizani, hili linabaki na kitu kimoja kinachoonekana, na huo wenyewe ni upambaji. Mshumaa, hata ukipendeza vipi, usiwekwe katika chumba kilichojaa vitambaa.

Na bei? Iandikwe au isiandikwe? Wengi huificha wakitarajia maelewano, wengine huogopa jirani asiione. Matokeo yake ni kwamba mteja mwenye pesa ya kutosha lakini mwenye aibu hupita tu, akidhani duka zuri hivyo litakuwa ghali. Kadi ndogo kwenye kioo cha mbele, yenye bei ya kitu kimoja tu, huondoa hofu hiyo na bado huacha nafasi ya kuelewana ndani. Kuhusu makaratasi mengine: leseni ya biashara kwa sheria hubandikwa mahali inapoonekana, na namba ya kulipia kwa simu lazima iwepo. Lakini stika za kila mtandao wa simu zikijaa mlangoni, duka huanza kufanana na kibanda cha wakala. Leseni na namba za malipo zinaweza kukaa ndani ya fremu moja ya picha juu ya kaunta, zikasomeka vizuri.

Kitu kingine cha kukumbuka ni kalenda. Kioo cha butiki kinapaswa kutangulia sikukuu kwa wiki tatu au nne, kwa sababu ushonaji na maandalizi huanza mapema. Arusha ina kalenda yake. Juni hadi Agosti ni baridi, jiji liko juu karibu mita 1,400, na sweta hazihitaji kubembelezwa. Msimu huo kioo kizuri ni cha sufu, skafu na kikombe cha chai. Mwisho wa mwaka huleta kipaimara, na magauni meupe ya mabinti hustahili kioo chao peke yao, bila rangi nyingine ya kuyasumbua. Kabla ya Krismasi, wenyeji wa Kilimanjaro wanaoishi Arusha hujiandaa kwenda nyumbani kwa wazazi, na hapo hununuliwa zawadi: shuka, viatu vya baba, kitenge cha mama. Meza moja yenye zawadi zilizokwisha kufungwa, kila moja ikiwa na bei yake, humwokoa mtu aliyebakiza nusu saa kabla ya basi. Idi hufuata mwezi, na kila mwaka huwahi kwa siku kama kumi na moja, kwa hiyo haiwezi kupangwa kwa kunakili daftari la mwaka jana.

Picha nazo zimekuwa nusu ya biashara. Mteja wa Monduli au wa Dar es Salaam huliona duka kwenye simu kabla hajaliona kwa macho. Kona moja yenye ukuta safi, mwanga wa dirishani na kiti kimoja cha ukili inatosha, na mteja aliyevaa gauni jipya atajipiga mwenyewe na kulirusha kwenye stetasi. Kona hiyo isibandikwe bango kubwa la jina la duka. Jina liandikwe kwa herufi ndogo, pembeni, mahali linapoingia kwenye picha bila kumfunika mtu.

Linabaki vumbi. Arusha ina vumbi jepesi la udongo wa volkano, na kiangazi linaingia hata mlango ukiwa umefungwa. Nguo nyeusi zisikae karibu na mlango, viatu vilivyo kwenye kioo vifutwe kila asubuhi, na kila kilichowekwa kama pambo kiwe kitu kinachofutika kwa kitambaa kimoja. Maua ya plastiki hayafutiki. Chupa yenye tawi bichi la mkaratusi inafutika, na tawi likinyauka linabadilishwa kwa lingine. Wakati wa kubadili kioo, mwenye duka aandike daftarini nini kilikaa mbele wiki hiyo na nini kilichouzwa. Baada ya miezi michache daftari hilo litamwonyesha ni rangi ipi inayosimamisha watu mtaani kwake, na rangi hiyo ya Njiro huenda isiwe ya Ngaramtoni.